Tabianchi hubadilika tangu kale, lakini si kwa kasi hii

Kuna hoja moja ambayo imeanza kupata mashabiki wengi madarasani, katika midahalo ya shule na hata katika mabaraza ya watu wazima. Hoja yenyewe ni kwamba tabianchi ya dunia imekuwa ikibadilika tangu azali, kabla ya kuwapo gari, kiwanda au hata jiko la makaa. Na maadamu ni hivyo, kelele zinazopigwa siku hizi kuhusu joto, ukame na mafuriko ni kelele za watu waliokosa la kufanya. Nimeikuta hoja hii katika insha za wanafunzi wa chuo kikuu. Nimeisikia pia ikitolewa na mwalimu mwenye shahada, tena kwa ufasaha ambao uliwafanya wasikilizaji wampigie makofi.

Ugumu wa hoja hii ni kwamba nusu yake ya kwanza ni kweli tupu. Anayejaribu kuikana yote hushindwa mapema, kwa sababu mwenzake atamtajia jangwa la Sahara lililowahi kuwa na majani, naye hatakuwa na la kujibu. Mimi naona njia bora ni kuikubali nusu hiyo, kuifuata hadi mwisho wake na kutazama inatufikisha wapi. Mkenya hana haja ya kwenda mbali kuifuata. Sehemu kubwa ya ushahidi ambao mataifa mengine huusoma vitabuni imelala katika ardhi yetu, hasa Turkana.

Kabla ya kufika huko, naomba ruhusa ya kusema machache kuhusu maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayonipa unga.

Kwa muda mrefu magazeti yetu, na hata baadhi ya vitabu vya kiada, yametumia 'hali ya hewa' kwa maana mbili zisizofanana. Mvua iliyonyesha jana alasiri ni hali ya hewa. Mwenendo wa mvua katika eneo zima kwa muda wa miaka 30, ambao ndio muda wanasayansi waliokubaliana kuutumia kama kipimo, nao pia huitwa hali ya hewa. Si ajabu basi kwamba mtu akiamka Limuru asubuhi ya Julai, akakuta baridi inauma, hutangaza kuwa habari za joto la dunia ni uzushi. Ametumia neno moja kwa mambo mawili, na neno limemponza.

Waliounganisha 'tabia' na 'nchi' wakapata 'tabianchi' walitufanyia hisani kubwa kuliko tunavyokiri. Mtu anaweza kuamka na hasira siku moja kwa sababu amelala vibaya. Hatusemi ana tabia ya hasira mpaka tuwe tumeishi naye, tumemwona akifurahi na akikasirika, na tumejua lipi kwake ni kawaida na lipi ni nadra. Nchi nayo ni vivyo hivyo. Hasira ya siku moja ni hali, na tabia haijulikani ila kwa kukaa nayo.

Watu wa pwani walikuwa na istilahi za tabianchi kabla ya wanaistilahi kuzaliwa. Kaskazi ni upepo, lakini pia ni majira. Kusi vile vile. Majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na biashara yote ya bahari hii ilisimama juu ya imani kwamba pepo hizo zitakuja kwa zamu zake. Masika, vuli na kipupwe si majina ya siku fulani yenye mvua au baridi. Ni majina ya mazoea. Anayetamka 'vuli' anatoa ahadi kwamba Oktoba hadi Desemba itakuwa na mvua za kiasi fulani, na mkulima huitegemea ahadi hiyo anapoamua lini apande kunde. Nitairejea vuli baadaye, kwa kuwa katika miaka ya karibuni ahadi hii imevunjwa vibaya.

Sasa tuifuate ile nusu iliyo kweli, na tuanze na hewa yenyewe. Mwanafunzi hukariri kwamba hewa ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21 na gesi nyingine kwa uchache, kisha huondoka akidhani kwamba hesabu hiyo iliwekwa siku ya kwanza. La hasha. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na kwa karibu nusu ya umri huo angahewa yake haikuwa na oksijeni huru ya kutajika. Walioileta ni viumbe wadogo mno, jamii ya bakteria, waliopata uwezo wa kutumia mwanga wa jua kupasua maji na kujitengenezea chakula. Oksijeni ilikuwa taka yao. Kwa muda mrefu taka hiyo ilimezwa na chuma kilichoyeyuka baharini, kikashika kutu na kutuama chini matabaka kwa matabaka. Na matabaka hayo mekundu ni sehemu kubwa ya madini ya chuma yanayochimbwa leo Australia na Brazili. Hatimaye oksijeni ikaanza kubaki angani, takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita.

Ninaitaja habari hii kwa sababu ya wale wanaouliza, kwa unyenyekevu wa kupendeza, binadamu mdogo hivi atawezaje kuibadili hewa ya sayari nzima. Bakteria ni mdogo zaidi, na aliweza. Tofauti ni kwamba kazi yake ilichukua mamia ya mamilioni ya miaka.

Kutoka hapo naruka mabilioni ya miaka, niingie Turkana. Upande wa magharibi wa ziwa, si mbali na mto Kerio, kuna mahali panapoitwa Lothagam. Miamba yake imehifadhi visukuku vya wanyama walioishi kati ya miaka milioni 8 na milioni 4 hivi iliyopita. Kundi la watafiti lililoongozwa na Meave Leakey lilifanya kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matokeo yakakusanywa katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2003. Miongoni mwa wanyama hao alikuwamo ndovu wa pembe nne, farasi wa kale wenye vidole vitatu kila mguu, viboko, mamba, na paka wakubwa wenye meno kama majambia. Mtu akisimama leo juu ya mawe yale yanayochoma nyayo atastaajabu viboko walioga wapi.

Wanyama hao walikula nini? Hapa sayansi imepata mbinu ambayo namsihi mwalimu wa Jiografia na mwenzake wa Kemia waifundishe pamoja, na ninamwomba msomaji aikumbuke, kwa sababu tutaihitaji tena. Kaboni ina aina mbili zinazodumu: moja nyepesi na nyingine nzito kidogo. Miti na vichaka, vinapojenga miili yao kutokana na hewa, huikwepa sana ile nzito. Nyasi za nchi za joto, ambazo mahindi na mtama ni jamaa zake, haziikwepi kiasi hicho. Mnyama anapokula, kaboni ya chakula chake huingia katika meno, na jino likigeuka kisukuku kumbukumbu hiyo husalia. Hivyo jino la mnyama aliyekufa miaka milioni 7 iliyopita hutuambia kama alikuwa akichuma majani mtini au akilisha uwandani.

Meno ya Kenya yamesema wazi. Takriban miaka milioni 10 iliyopita nyasi hizi zilianza kuwa chakula cha kutegemewa. Wale farasi wa vidole vitatu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzigeukia. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Twiga hajageuka hadi leo. Waliogeuka walipata meno marefu na magumu ya kuvumilia ukali wa nyasi, na walioshindwa wakapungua au wakatoweka. Kwa hiyo savana hii tunayoitangaza kwa watalii kana kwamba ni mandhari ya tangu na tangu ni mgeni, naye mgeni huyo ndiye aliyetuletea nyumbu na punda milia. Hata sisi wenyewe tulikulia mikononi mwake: mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu karibu na mto Nariokotome, na kipande hicho kikawa mwanzo wa kuupata karibu mwili mzima wa kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mwenye miguu mirefu ya kutembea mbali katika nchi iliyo wazi.

Mtetezi wa ile hoja yetu, akifika hapa, atakuwa anatabasamu. Nampa zaidi ya kutabasamu.

Kati ya miaka 15,000 na 5,000 hivi iliyopita, Turkana ilikuwa nchi ya maji. Ziwa lilisimama mita zipatazo 80 au zaidi juu ya kiwango chake cha karne ya 20, likafurika kuelekea kaskazini-magharibi na maji yake yakaungana na Nile. Ndiyo sababu mbuta na samaki wengine wa Nile wamo katika ziwa ambalo leo halina mto wa kulitoa maji. Katika fuo za zamani, ambazo sasa ni mchanga mkavu kilomita nyingi kutoka ziwani, wachimbaji wameokota vyusa vya mifupa vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa. Wakati huo huo Sahara ilikuwa na maziwa, na wachoraji wa Tassili n'Ajjer, kusini mwa Algeria, walichora mifugo na viboko mahali ambapo sasa hapamei kitu.

Sababu ya neema hiyo inajulikana. Dunia huzunguka kama pia ya mtoto. Na pia inapozunguka, kichwa chake huyumba polepole. Yumbo moja la dunia huchukua miaka zaidi ya 20,000. Leo tunakuwa karibu zaidi na jua mapema mwezi wa Januari. Miaka 10,000 iliyopita ukaribu huo uliangukia majira ya joto ya upande wa kaskazini, nchi kavu ya Afrika ya kaskazini ikapata jua kali zaidi kwa takriban asilimia 8 katika miezi hiyo, hewa juu yake ikapanda kwa nguvu, na pepo za bahari zikavutwa ndani zaidi ya bara zikiwa zimebeba mvua. Mserbia Milutin Milanković alizipiga hesabu za mayumbo haya kwa kalamu na karatasi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na ushahidi wa matope ya baharini na barafu ukaja kumuunga mkono baadaye. Yumbo lilipoendelea na safari yake, mvua zikarudi nyuma, na takriban miaka 5,000 iliyopita Ziwa Turkana likaanza kunywea.

Watu walifanyaje? Swali hili linanigusa kuliko la mbuta. Tumezoea kuambiwa kwamba maji yakipungua watu huuana, na yakiwa tele hupendana. Turkana inakataa usahili huo. Mahali paitwapo Nataruk, ambapo zamani palikuwa ukingoni mwa maji, palipatikana mabaki ya watu wasiopungua 27 waliokufa miaka 10,000 hivi iliyopita, katikati ya enzi ya neema. Kati ya mifupa 12 iliyohifadhika vyema, 10 ina alama za kifo cha vurugu, kwa mujibu wa watafiti waliochapisha habari hiyo mwaka 2016. Kwa upande mwingine, Lothagam ya kaskazini, wakati ule ule ziwa lilipokuwa likirudi nyuma na wafugaji wa kwanza wakiingia na mbuzi na ng'ombe wao, watu walijenga makaburi makubwa yenye jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi na nguzo zilizoletwa kutoka mbali kidogo. Kwa karne kadhaa walizika humo watu wasiopungua 580, wanawake kwa wanaume, watoto kwa wazee, karibu wote wakiwa na shanga na mapambo yao, bila dalili ya bwana na mtwana. Waturuki—nimesikia wanafunzi wakiwaita hivyo kwa makosa. Jina lao ni Waturkana—huita mahali pa nguzo kama hizo namoratunga, yaani watu wa mawe. Utafiti wa makaburi haya ulichapishwa mwaka 2018, na sijaona bado shule inayouzungumza. Katika enzi ya dhiki watu walikusanyika. Katika enzi ya wingi baadhi yao walichinjana. Tabianchi huwawekea watu mtihani, lakini majibu huyaandika wenyewe.

Tumeifuata basi ile nusu ya kweli hadi mwisho wake. Hewa imebadilika, wanyama wamebadilika, ziwa limejaa na kukauka. Sasa ile 'kwa hivyo' inayofuata katika hoja yao inatoka wapi? Mtu akiniambia kwamba misitu iliwaka moto kwa radi kabla ya kuwapo binadamu, kwa hivyo binadamu hawezi kuwasha msitu, hata mtoto wa darasa la nne atamcheka. Mantiki ni ile ile.

Tazama viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika. Barafu hiyo hujengeka mwaka juu ya mwaka kutokana na theluji, na kila tabaka hufunga ndani yake hewa ya wakati wake. Nguzo ya barafu iliyochimbuliwa mahali paitwapo Dome C ina hewa ya miaka 800,000. Katika muda huo wote, gesi ya kabonidioksaidi ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa: chini wakati wa enzi za barafu, juu wakati wa enzi za joto. Kabla ya mapinduzi ya viwanda ilikuwa 280. Mwaka 1958 Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa 315 hivi. Sasa imepita 420.

Nambari hizo zisisomwe haraka. Dunia ilipotoka katika enzi ya mwisho ya barafu, gesi hiyo ilipanda kwa sehemu 80 hivi, na kupanda huko kulichukua takriban miaka 7,000. Sisi tumeipandisha kwa zaidi ya sehemu 100 tangu mwaka 1958, muda ambao haujatimiza umri wa mzee mmoja. Yumbo la dunia haliwezi kulaumiwa, kwa kuwa halifanyi kazi kwa haraka hiyo. Jua nalo limekuwa likipimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na hakuna ongezeko la nguvu zake linaloweza kueleza joto hili.

Atabaki mmoja wa kuuliza: tutajuaje kwamba kaboni iliyoongezeka imetoka katika makaa na mafuta, wala si katika volkeno au bahari? Hapa ndipo yale meno ya Lothagam yanaporudi. Makaa ya mawe na petroli ni mabaki ya mimea na viumbe wa kale waliokwisha kuikwepa kaboni nzito. Vikichomwa, hewa huingiwa na kaboni nyepesi kupita kiasi, na fungu la ile nzito hupungua. Ndivyo ilivyopimwa. Isitoshe, kuna aina ya tatu ya kaboni, ile yenye mnururisho, ambayo hufifia kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Katika makaa ya mawe imekwisha kabisa kwa ukongwe, na fungu lake katika hewa limepunguzwa na moshi wetu vile vile. Anayekubali kwamba jino linaweza kusema farasi wa kale alikula nini hana budi kukubali kwamba hewa inaweza kusema sisi tumechoma nini. Hawezi kuichukua sayansi hiyo asubuhi na kuikataa jioni.

Matokeo yake kwetu yanajulikana kwa wafugaji kuliko kwa wasomi. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa katika kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Vuli tatu na masika mbili. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali, Wakenya wakiwamo, lilikadiria kwamba ongezeko la joto lililoletwa na binadamu lilifanya ukame wa kiwango kile uwe na uwezekano mkubwa zaidi kwa angalau mara 100, hasa kwa sababu joto hufyonza unyevu kutoka katika udongo na majani hata pale mvua kidogo inapopatikana. Wizara inayohusika na wanyamapori ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka 2022 walikufa ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12, na punda milia wa Grevy 49. Idadi hiyo ya mwisho ndiyo ndogo karibu kuliko zote, lakini ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa kuwa punda milia wa Grevy waliobaki duniani ni takriban 3,000 tu, na wengi wao wako Kenya.

Jamaa zao wa kale, wale wa Lothagam, walipewa mamilioni ya miaka kubadili meno. Hawa wamepewa miaka michache. Tena hata ile njia ya kale ya kuhama imefungwa. Mnyama wa zama za yumbo la dunia alifuata majani yalikokwenda. Wa leo akifuata majani atakutana na ua wa shamba, barabara kuu, reli, au mji ambao haukuwapo alipozaliwa mama yake.

Hata hivyo, nisingependa mwalimu atoke hapa akafundishe kwamba mabadiliko ya tabianchi ni ukame, basi. Hilo ni kosa lingine, na wanafunzi wanaoishi Marigat watamkosoa. Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Baringo limemeza nyumba, mashamba na shule. Naivasha limewahamisha watu. Turkana lenyewe limepanda. Wataalamu wanahusisha kupanda huko na ongezeko la mvua katika vyanzo vya mito, na namna ardhi inavyotumiwa, na bado wanajadiliana kuhusu uzito wa kila sababu. Linalojulikana vyema ni kwamba kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa hiyo ikishusha mzigo wake, hushusha kwa kishindo. Waliokuwapo wakati wa mvua za mwaka 1997 na 1998, zilizolipa neno elnino uraia wa Kiswahili, walidhani hawataona tena mfano wake. Kisha ikaja masika ya mwaka 2024, na huko Mai Mahiu makumi ya watu wakasombwa na maji usiku wakiwa wamelala. Ukame mrefu, halafu mafuriko. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hataona kinzano hapo.

Kuna uchungu mwingine ambao sitaupitisha kimya. Mchango wa Kenya katika gesi hizi ni mdogo mno ukilinganishwa na mchango wa dunia nzima. Mfugaji wa Marsabit aliyepoteza ng'ombe wake wote hakuchoma makaa ya mawe maishani mwake. Ile hoja kwamba tabianchi hubadilika tangu kale, ikisemwa na mwenye kiwanda kikubwa ng'ambo, ina faida kwake, kwa sababu inamfutia deni. Ikisemwa na kijana wa Marsabit, ni sawa na mdai kumwandikia mdaiwa stakabadhi ya malipo ambayo hayakutolewa. Sielewi kwa nini tunaikariri kwa hiari.

Katika kulifundisha somo hili, mwalimu asisubiri vifaa vya maabara. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kuelekea Uchagga, aliona weupe juu ya Kilimanjaro na kumuuliza kiongozi wake ni nini. Yule alimjibu kwa neno moja: baridi. Mabingwa wa jiografia huko London walimdhihaki Rebmann kwa miaka, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kati ya mwaka 1912 na 2000 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ile ilitoweka. Mlima Kenya haujasalimika. Halford Mackinder alipoufikia mwaka 1899 ulikuwa na mito ya barafu ipatayo 18. Ule mkubwa wake, unaoitwa Lewis, ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na ule wa Gregory uliokuwa jirani yake umekwisha kabisa.

Jina la mlima huu, ambalo nchi yetu imelirithi, kwa kawaida huelezwa kwa kuhusishwa na mbuni: nyaga kwa Kikikuyu, nyaa kwa Kikamba. Mbuni dume ana manyoya meusi na meupe, na mlima ulikuwa na mawe meusi na barafu nyeupe. Mwalimu aliye Nyeri, Embu au Kitui anaweza kuanzia kwenye jina hilo. Awatume wanafunzi kwa babu na nyanya zao waulize mlima ulionekanaje miaka ya 1960, majira ya mvua yaliitwaje kwa lugha ya nyumbani, yalianza mwezi gani na yalikwisha mwezi gani. Majibu yaandikwe daftarini pamoja na mwaka wa kuzaliwa wa kila aliyeulizwa na mahali alipokulia, kisha yawekwe kando ya vipimo vya mvua vya kituo cha hali ya anga kilicho karibu. Kumbukumbu za wazee hazitaafikiana na vipimo kila mahali, na pale zinapotofautiana darasa lijadili kwa nini.